Mchicha utoke pembeni mwa sahani

Saa saba mchana, kwa mama lishe yeyote wa Kariakoo, sahani hupangwa kwa utaratibu ambao kila mteja ameuzoea. Unaanza wali, tena unajazwa hasa. Yanafuata maharage, kisha kipande cha samaki au nyama kwa mwenye uwezo. Mwisho kabisa mpishi anachota kijiko cha mchicha na kukiweka ukingoni, pale palipobaki nafasi. Kijiko kimoja tu. Wapo wateja wanaosema "majani usiniwekee", na mpishi habishani nao, maana bei haipungui wala haiongezeki.

Majumbani mambo hayatofautiani sana. Mgeni wa heshima akija, mchicha unafichwa. Ukipikwa siku tatu mfululizo, watoto wanajua kwamba mfukoni mwa baba hamna kitu. Tumeufanya mchicha kuwa tangazo la umaskini wa nyumba, halafu mtu akiugua tunaukimbilia tukiuita dawa. Naona mitazamo yote miwili inatugharimu afya, na wa pili unatugharimu zaidi kwa sababu unaonekana kama busara.

Nianze na huo wa pili. "Kula mchicha uongeze damu." Sidhani kuna mjamzito Tanzania hii ambaye hajaambiwa maneno hayo na mama mkwe, na jirani, na wifi, na hata na watu anaopanda nao daladala. Nia ni njema na tatizo wanalolizungumzia ni la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na kwa asilimia 59 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka mitano. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wadogo wana damu pungufu. Nchi yenye takwimu kama hizo haiwezi kuridhika na ushauri wa mlangoni.

Sasa tuangalie mchicha wenyewe una nini. Kwa majedwali ya lishe ya Idara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za mchicha uliochemshwa zina kama miligramu 2.3 za madini ya chuma. Si haba kwa jani. Lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apewe kila siku vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, yaani vile vidonge tunavyoviita FEFO. Na chuma cha kwenye majani hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha kwenye nyama, maini au samaki. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Mwanamke ambaye damu yake imeshuka katikati ya ujauzito akiambiwa ategemee mchicha peke yake, anapotezewa wiki ambazo hana za kupoteza.

Isitoshe, damu haipungui kwa sababu ya chakula peke yake. Malaria inaharibu chembe nyekundu. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni. Selimundu mtu huzaliwa nayo. Uzazi wa karibukaribu unamaliza akiba ya mama kabla hajaijaza upya. Kwa hiyo anayesema mchicha unatibu upungufu wa damu anamficha mgonjwa sababu nyingine zote ambazo daktari angepaswa kuzitafuta. Mjamzito anywe FEFO, alale kwenye chandarua, apime damu kila anapotakiwa, na ale mchicha. Vyote kwa pamoja, kila kimoja kwa kazi yake.

Hata hicho chuma kidogo kinaweza kusaidiwa. Vitamini C inakifungulia njia ya kuingia mwilini. Ndiyo maana limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi ya kachumbari au chungwa baada ya chakula vina maana kuliko tunavyodhani. Chai inafanya kinyume chake: tanini zilizomo hukishika chuma na kukizuia kisifyonzwe. Familia nyingi humalizia mlo wa usiku kwa kikombe cha chai ya rangi, na wengine hunywa huku wakila. Chai hiyo ikisogezwa mbele saa moja au mbili, haidhuru mtu. Badiliko hilo halina gharama yoyote, na nashangaa kwa nini halitangazwi kwa sauti ileile inayotangaza juisi na unga wa "kuongeza damu" kwenye mabasi ya mikoani.

Kama chuma si sifa kubwa ya mchicha, sifa yake ni ipi? Kwangu mimi jibu la kwanza ni macho na uhai wa watoto, na hapa kuna habari ya nyumbani ambayo Watanzania wachache wanaifahamu.

Katika miaka ya 1980, kwenye Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, madaktari walikuwa wanapokea watoto wengi wenye surua, na kati ya hao kulikuwa na waliopoteza uwezo wa kuona na waliopoteza maisha. Waliwagawa watoto 180 waliolazwa kwa surua katika makundi mawili. Watoto 88 walipewa vitamini A ya dozi kubwa pamoja na matibabu ya kawaida. Watoto 92 walipewa matibabu ya kawaida tu. Katika kundi la pili walikufa 12. Katika kundi la kwanza walikufa 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la madaktari la Uingereza, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kushauri watoto wenye surua wapewe vitamini A katika maeneo yenye upungufu wake. Idadi ya watoto wa Mvumi ilikuwa ndogo, na peke yake isingetosha kuthibitisha kila kitu, lakini iliungana na kazi ya Alfred Sommer na wenzake huko Aceh, Indonesia, waliokwisha kuonyesha kwamba vitamini A inapunguza vifo vya watoto. Matone ambayo watoto wetu wa chini ya miaka mitano wanapewa mara mbili kwa mwaka yanatokana na mfululizo huo wa kazi, na Dodoma ina sehemu yake ndani yake.

Kirutubisho hicho ndicho mchicha unachokibeba kwa namna yake. Jani halina vitamini A yenyewe. Lina beta-karotini, rangi ileile ya manjano iliyomo kwenye karoti, ila humu imefunikwa na kijani, na mwili wa mtu unaigeuza kuwa vitamini A. Kwa majedwali yale niliyoyataja, gramu 100 za mchicha uliopikwa zinatoa kama mikrogramu 140 za vitamini A. Mtoto wa miaka miwili anahitaji takriban mikrogramu 300 kwa siku. Bakuli dogo la mchicha linakaribia kumfikisha nusu ya safari.

Lakini kukaribia huko kuna sharti. Mwaka 1995 watafiti waliofanya kazi Java Magharibi walichapisha matokeo yaliyowashtua wataalamu wa lishe: mama wanaonyonyesha waliopewa mboga za kijani kibichi kila siku kwa wiki kadhaa hawakuongezeka vitamini A kama ilivyotarajiwa. Beta-karotini ilikuwapo kwenye mboga, ila haikutoka kwenye jani na kuingia kwenye damu kwa kiasi kilichodhaniwa. Tangu hapo hesabu za dunia zimebadilishwa. Zamani ilihesabiwa kwamba mikrogramu 6 za beta-karotini ya chakula zinatoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliifanya 12 kwa 1.

Kinachoitoa beta-karotini kwenye jani ni moto wa wastani, kukatwa vizuri, na mafuta. Inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi ukaliwa hivyo hivyo, kama wanavyopewa watoto wengi wanaoanza kula, unapita na hazina yake. Na kwa hili wapishi wa Pwani wanastahili sifa ambayo hawajapewa. Mchicha wa nazi, ule unaoungwa kwa tui zito mpaka unang'aa, ni upishi sahihi kabisa wa kumlisha mtoto. Mchicha wa karanga wa bara nao ni hivyo hivyo. Mtu wa Kigoma anayetia mawese mekundu yasiyochujwa rangi anafanya zaidi, kwa sababu mawese hayo yenyewe yana beta-karotini kwa wingi. Hawakuhitaji maabara kufika hapo. Ninachosikitikia ni kwamba nazi na karanga zimekuwa ghali kwa nyumba nyingi, na mahali pake pamechukuliwa na maji mengi na kijiko cha mafuta kinachoishia kwenye kitunguu. Mafuta ya alizeti yanafaa pia, vijiko viwili vya chai kwa bakuli la mtoto vinatosha.

Jibu la pili ni presha. Hapa mchicha una nguvu kuliko sifa zake mtaani. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina potasiamu kama miligramu 640, wakati sodiamu yake ni kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na asizidishe gramu 5 za chumvi. Potasiamu husaidia figo kutoa chumvi iliyozidi na kulegeza mishipa. Sisi tumegeuza kipimo hicho: chumvi tunatia kwenye ugali wa kiporo, kwenye chipsi, kwenye embe bichi, kwenye kila kachumbari, na vyakula vya potasiamu tunavisukuma ukingoni mwa sahani. Kisha tunashangaa kuona mtu wa miaka 45 anaanguka bafuni kwa kiharusi. Sisemi mchicha unatibu presha. Aliyeandikiwa vidonge avimeze. Nasema mlo wenye mboga nyingi na chumvi kidogo hupunguza presha, na hilo limethibitishwa vya kutosha kiasi kwamba kutolifanyia kazi ni uzembe.

Folate ina habari yake. Ni kirutubisho kinachohitajika mwili unapojenga chembe mpya, na hitaji kubwa kuliko yote huja katika siku 28 za mwanzo tangu mimba itunge, wakati mfereji wa neva wa mtoto, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, unapofunga. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku hizo 28 huisha kabla wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, na kabla hawajafika kliniki kupewa FEFO. Ndiyo sababu Tanzania ilipitisha mwaka 2011 kanuni za kuongeza asidi ya foliki kwenye unga wa ngano wa viwandani. Unga huo, hata hivyo, hauliwi sana vijijini, ambako watu wanasaga mahindi yao kwenye mashine ya jirani. Mchicha ungeziba sehemu ya pengo hilo, lakini kwa masharti ya jikoni: mbichi una mikrogramu 85 za folate kwa gramu 100, ukichemshwa zinabaki kama 57, na ukichemshwa muda mrefu maji yakamwagwa zinapungua zaidi. Hauchukui nafasi ya kidonge kwa mwanamke anayepanga kuzaa. Unamsaidia msichana ambaye hajapanga, na hao ni wengi.

Nyuzinyuzi zake kwa utumbo, vitamini K kwa kugandisha damu, vitamini C ya kama miligramu 40 ambayo inakaribia mahitaji ya siku ya mtu mzima kwa vipimo vya FAO na Shirika la Afya Duniani, yote hayo yamo, na yote kwa kalori 20 na ushei. Kwa mwenye kisukari au anayepunguza uzito, sijui chakula kingine cha bei hiyo kinachojaza sahani bila kujaza sukari.

Yapo ya kuangalia. Mchicha una oksaleti nyingi, kama spinachi ambayo ni jamaa yake. Oksaleti inashika kalsiamu, kwa hiyo ile kalsiamu nyingi inayoandikwa kwenye majedwali haifyonzwi yote. Katika vipimo vilivyofanywa kwa spinachi, mwili ulichukua karibu asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, wakati ya maziwa ulichukua zaidi ya robo. Anayetafuta kalsiamu kwenye mboga za majani achague sukuma wiki au chainizi, na dagaa wanaoliwa na miba yao wanafaa zaidi. Mwenye historia ya mawe ya figo azungumze na daktari wake, na mwenye figo zilizodhoofika ajue kwamba potasiamu hiyohiyo niliyoisifu inaweza kumdhuru. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa sababu vitamini K inapingana na dawa hiyo. Hawa ni wachache. Waliobaki, ambao ni karibu sisi sote, hatari yetu ni kula mchicha kidogo mno.

Kidogo kiasi gani? Shirika la Afya Duniani na FAO wameweka kiwango cha gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mmoja, viazi na mihogo havihesabiwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba zaidi ya Watanzania 9 kati ya 10 walio watu wazima hawafikii kiwango hicho. Kile kijiko cha kwa mama lishe hakifiki hata robo yake. Tena mchicha unadanganya macho: fungu linalofurika sufuria linashuka baada ya dakika chache za moto hadi kubaki kiasi cha kulisha watu wawili. Familia ya watu sita inayonunua mafungu mawili imenunua rangi ya mboga. Hiyo si mboga ya kuwatosha.

Na sufuria lenyewe lina lawama. Tumezoea kukata kwanza, kisha kuosha, wengine hata kuufikicha kwa chumvi na kuukamua, mpaka maji yanatoka ya kijani. Kijani kile kinachoingia kwenye karo la jikoni kimebeba vitamini C na folate. Mchicha uchambuliwe, uoshwe mzimamzima kwa maji mengi mara mbili au tatu, ndipo ukatwe, na uingie motoni papo hapo. Dakika tano hadi saba zinatosha kwa majani laini. Waliozaliwa kwenye nyumba ambamo mboga haiivi mpaka iwe nyeusi watasema mboga mbichimbichi inaumiza tumbo. Kinachoumiza tumbo mara nyingi ni uchafu ambao haukuoshwa vizuri. Moto wa saa nzima unaua wadudu, ni kweli, lakini unaua na vitamini.

Nimefika kwenye jambo zito kuliko yote, na nisingependa msomaji aniache hapa. Mchicha wa mjini unatoka wapi?

Mmea huu unapenda joto. Unatengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mahindi na mtama, njia inayofanya kazi vizuri zaidi jua likiwa kali, na ndiyo maana unastawi Dar es Salaam wakati kabichi inasinyaa. Tangu mbegu kumwagwa mpaka kung'olewa ni wiki tatu mpaka nne. Kijana asiye na mtaji, mwenye jembe, keni mbili na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekijenga, anaweza kuishi kwa mchicha. Kipande hicho, mara nyingi, kipo bondeni, kando ya mto, chini ya nyaya za umeme au pembeni mwa reli, na maji yanayotumika ni ya mto ulio karibu.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye milima ya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na viwanda, unaingia Tabata, Kigogo na Jangwani, na kumwaga baharini karibu na daraja la Selander. Kila kinachomwagwa njiani unakibeba. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mto huo na wa Sinza, mchicha ukiwamo, wakitafuta shaba, zinki, kadmiamu na risasi. Walivikuta. Wakati ule magari bado yalitumia petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo huenda hali ya leo si ileile. Lakini viwanda vimeongezeka, watu wameongezeka, na mto ni uleule. Risasi ikiingia kwenye mwili wa mtoto inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hapa ndipo ushauri wa "osha vizuri" unapoishiwa nguvu. Kuosha kunaondoa udongo, mayai ya minyoo, vijidudu vya samadi mbichi na sehemu ya dawa iliyonyunyiziwa. Metali iliyopanda kupitia mizizi imo ndani ya jani. Mama anayeosha mara tatu ametimiza wajibu wake wote, na bado hajui anachomlisha mwanawe. Hawezi kujua. Jani lenye risasi na lisilo na risasi yanafanana kwa rangi, kwa harufu na kwa ladha.

Mwenye uwezo wa kujua ni mamlaka. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Halmashauri za jiji zina maofisa kilimo na maofisa afya kwenye kata, na vyuo vyetu vina maabara za kupima metali hizo. Ninachokidai ni kidogo: maji na udongo wa mabonde yanayolisha masoko ya Dar es Salaam vipimwe kila mwaka, na majibu yabandikwe sokoni, Ilala, Buguruni, Kisutu, kwa Kiswahili anachokielewa mnunuzi na muuzaji. Bonde lisilofaa kwa mboga ya kuliwa lilimwe maua au majani ya mifugo. Bonde linalofaa lipewe hati ya kulindwa, lisiamke siku moja likiwa limekuwa yadi ya magari.

Na wakulima wasifukuzwe kwa jina la usafi. Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, wenye lengo la kuzuia mafuriko na kuigeuza Jangwani kuwa bustani ya jiji. Nauunga mkono, kwa sababu mafuriko yale yameua watu. Nauliza tu: katika ramani ya bustani hiyo, tuta la mchicha liko wapi? Jiji lenye mamilioni ya watu linahitaji majani mabichi kila asubuhi, na mchicha hausafiri vizuri. Ukivunwa alfajiri Kinyerezi unafika genge la Segerea ukiwa na uhai. Ukitoka mbali unafika umenyauka, na muuzaji anaunyunyizia maji ya mfereji ili uonekane mbichi. Kisima kirefu kimoja, chenye maji yaliyopimwa, kwa ajili ya kikundi cha wakulima, ni matumizi ya fedha za umma ninayoweza kuyatetea mbele ya mhasibu yeyote.

Mbegu nzuri tunazo. Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwa na makao yake ya Afrika mkoani Arusha tangu mwaka 1992, kikikusanya na kuboresha mboga ambazo vitabu vya kilimo vya kikoloni viliziita magugu: mchicha, mnafu, mgagani, ngogwe. Mwaka 2011 mbegu za mchicha za Madiira 1 na Madiira 2, zilizochaguliwa kwa majani mengi na kuchelewa kutoa maua, ziliidhinishwa kwa wakulima wa Tanzania. Jirani zetu nao hawako nyuma, Mrundi na Mkongo wa mashariki wanaoita mchicha lengalenga wanaula bila kuuonea aibu. Sisi tuna utafiti, tuna mbegu, tuna jua, na mezani bado tunauona mchicha kuwa chakula cha aliyekosa.

Pa kuanzia kubadilisha hilo ni shuleni, kabla aibu haijamkaa mtoto. Shule nyingi za msingi zinazotoa chakula cha mchana hupika makande, au ugali na maharage, kwa mahindi na maharage yanayochangwa na wazazi. Ni chakula kizuri kisicho na jani hata moja. Lakini shule hizohizo zina eneo, zina wanafunzi wa somo la sayansi, na nyingi zina samadi jirani. Shule ikiandaa matuta manne na kupanda moja kila wiki, kufikia wiki ya tano inavuna la kwanza na kulipanda upya, na haikosi mchicha mpaka muhula unafungwa. Kinachobaki kukosekana ni mafuta, na bila mafuta tumeona beta-karotini inavyopotea. Kamati ya shule inayoorodhesha debe la mahindi na kilo za maharage kwa kila mzazi inaweza kuongeza kikombe kimoja cha karanga kwenye orodha hiyo. Zikitwangwa na kutiwa kwenye sufuria la mchicha, kila mtoto atapata kijiko cha mafuta yake.